Betri ya Pikapu ya Mzee Cornelius

Kila asubuhi ya siku ya soko nyumbani kwa Mzee Cornelius, kule Matungu, kila mtu alijua kazi yake. Beldina, bintiye wa miaka kumi na mitatu, alifagia uwanja. Dereva wao, Andati, alipakia magunia ya mahindi ya kuuza sokoni Ekero. Kisha pikapu ilikohoa, ikanguruma, na kuku wakatawanyika.

Siku hiyo kuku hawakushtuka. Andati alizungusha ufunguo, kimya. Akazungusha tena, kimya vilevile.

"Umeninyonyea petroli!" Mzee Cornelius alifoka akitoka ndani. Alikuwa mwepesi wa hasira, na kwa kuwa dereva wake wa awali alimwibia kweli, kila dereva machoni pake alikuwa mwizi ambaye hajakamatwa bado.

"Mzee, mimi sigusangi petroli yako."

"Na huu?" Mzee alikuwa ameingia chumbani mwa Andati na kutoka akikokota mpira mrefu.

"Nanyunyizianga miche maji, mzee."

"Miche! Funga virago! Lakini kwanza utapita kwa chifu."

Majirani walishakusanyika. "Kumbe ule upole wote ni wizi," mmoja akasema, na wengine wakacheka. Beldina alishika ufagio kwa nguvu, maana yeye alijua.

Jana jioni, wazazi wakiwa kanisani na Andati akioga mtoni, Beldina alitaka kutazama mieleka. Betri ya runinga ilikuwa imepelekwa sokoni kuchajiwa. Basi, akisaidiwa na watoto wa jirani, alitoa betri ya pikapu kama alivyozoea kumwona baba yake akifanya. Wakatazama mpaka picha ikaanza kusinyaa. Aliirudisha mbiombio, na kwa kukosa spana, akakaza vibano vya nyaya kwa vidole tu.

Sasa, kabla Andati hajapelekwa kwa chifu, shangazi yake Beldina, Musimbi, aliingia uwanjani na mkoba wake wa spana. Alikuwa amesomea ufundi wa magari katika chuo cha Sigalagala.

"Kaka, mtu umeshamhukumu," alisema baada ya kusikiliza. "Gari je, umeliuliza?"

Alitumbukiza kijiti kirefu kwenye tangi. Kikatoka kimelowa.

"Petroli iko. Na ingekuwa imeisha, injini ingezunguka bila kushika. Hii haizunguki kabisa. Andati, piga honi."

Honi haikulia.

"Honi hainywi petroli. Umeme ndio haufiki." Alifungua boneti akagusa kibano kimoja. Kikachezacheza kama jino bovu. "Nani aligusa hapa?"

Mzee Cornelius alimkaba Andati shati. "Kumbe ni betri ulitaka kuiba!"

"Baba, mwache!" Beldina alilia. "Ni mimi! Niliitoa nione mieleka!"

Mzee aliliachia shati, akamgeukia binti yake na mkono juu. Musimbi akasimama katikati.

"Ukimpiga kwa kusema kweli, kesho atasema uongo."

Mkono ukashuka polepole. Musimbi alikaza vibano kwa spana. Honi ikatoa sauti dhaifu; betri ilikuwa imechoka, gari lingewaka kwa kusukumwa tu.

"Andati, shika usukani," Mzee aliamuru.

Andati hakutikisika. "Siingii, mzee. Uliniita mwizi hawa wote wakisikia. Futa maneno hayo hivyohivyo, wakisikia."

Mzee aliwatazama majirani. "Andati si mwizi," alisema. "Nimemkosea."

Ndipo Andati akapanda. Waliomcheka wakasukuma, Beldina miongoni mwao, hadi pikapu ikashtuka na kunguruma. Beldina alikimbilia dirishani.

"Nisamehe, kaka Andati."

"Nimesikia," Andati alijibu, lakini hakumtazama. Akaondoka. Beldina alibaki pale barabarani akilia.

"Amekataa kunisamehe, shangazi," alimwambia Musimbi.

"Mpe muda. Ulimwona akitukanwa, ukanyamaza," Musimbi alisema kwa ukali, kisha akamshika bega. "Betri ikiisha moto, tunaichaji sokoni, kesho inafanya kazi. Jina la mtu likichafuka, mwanangu, hakuna soko la kulipeleka. Ukiujua ukweli, useme kabla mwingine hajaumia."

Beldina alijifuta machozi, akarudi uwanjani kumkabili baba yake, na adhabu yoyote iliyomngoja.