Mti wa Hana Uliokua Daftarini

Kila Ijumaa, kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la sita huko Mlali walimsomea Mwalimu Restuta urefu wa miti yao. Hawakupanda miche. Kila mmoja alichagua kisiki hai shambani kwao, akabakiza chipukizi moja lililonyooka, akapogoa mengine, kisha akalifunga kitambaa chekundu ili mtu asilikate.

"Hana?"

"Sentimeta tisini na mbili, Mwalimu!"

Darasa likapiga makofi. Hana alitabasamu. Ukweli ni kwamba tangu Januari hakuwa amekanyaga shambani. Kila wiki aliongeza sentimeta mbili kichwani mwake. Kitambaa chekundu nacho alikuwa amekifungua, akafungia mkanda wa begi lake uliokatika.

"Hongera! Jumatatu darasa zima litakwenda kuuona," alisema Mwalimu.

Jioni Hana alikimbia shambani. Kisiki cha mkwaju kilikuwepo, kimezungukwa na machipukizi mafupi. Lile lake refu halikuwepo. Palibaki alama ya panga tu. Akarudi nyumbani akihema.

"Shikamoo, bibi. Nani kakata chipukizi langu la mkwaju?"

"Marahaba. Mimi. Sikuona kitambaa, nikajua halina mwenyewe. Mbona unalishika kila siku?" Bibi akaonyesha kijiti cha kukorogea kilichokuwa ndani ya chungu cha mboga ya mlenda. "Si upekecho huo!"

Hana akauchomoa upekecho chunguni. Wiki baada ya wiki alikoroga mlenda kwa mti uleule aliokuwa akiukuza daftarini! Akacheka, kisha akalia.

"Nitasema umeliwa na mbuzi."

"Mbuzi wa watu wana kosa gani?" Bibi akauliza.

Jumatatu Hana alisimama mbele ya darasa, upekecho mkononi, akasema yote.

"Kumbe mti wako mnaulia ugali!" akaropoka rafiki yake Gerson. Darasa likavunjika mbavu, na Mwalimu naye akashindwa kujizuia.

Walipofika shambani, Hana alifungua kitambaa begini, akakifunga kwenye chipukizi moja fupi. Gerson akapima.

"Sentimeta sita."

"Andika sita," Mwalimu akasema. "Mti huvuta hewa ya ukaa, ile inayozidisha joto duniani, na kuihifadhi kwenye shina na mizizi. Sita hizi zimeanza kazi. Zile tisini na mbili hazikuvuta chochote. Uongo hauna majani, Hana."

Hana akaandika sita, akarudi shule na begi kwapani.