Kisahani Kilichooshwa

"Kitendawili," sauti ilisema sikioni mwake.

"Tega," Hatano akajibu bila kuchezesha midomo.

"Sahani yangu ina tundu katikati, haijapakuliwa chakula hata siku moja, na vita imekwenda."

"Tsuba."

"Umepata. Godo yuko mbele yako, turubai la buluu, chini ya msonobari. Wanunuzi wako njiani. Usiguse kitu mpaka akuamini."

Sauti ilikatika.

Ilikuwa asubuhi ya Januari mjini Kyoto, na gulio la mwezi lilikuwa limejaa uwanja mzima wa hekalu. Moshi wa pweza wa kuchoma ulizagaa. Watu walivuta miguu kati ya mabirika, vikombe vya babu za watu, na kimono zilizorundikwa kama nguo za kufua. Hatano Shunpei alifunga kifungo cha juu cha koti lake. Kifungo kile kilikuwa jicho. Kamera yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mtama, na saa yake ya Casio ilikuwa na kinasa sauti tumboni.

Bastola hakuwa nayo. Mtu anayekusanya vyuma vikuukuu kwa vijisenti hatembei na bastola.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Kabla ya mwaka mpya, wezi waliingia hekalu dogo la milimani wakaondoka na tsuba moja. Tsuba ni kile kisahani cha chuma kinachokaa kati ya mpini na upanga, kulinda vidole vya mpiganaji. Hii ilikuwa nyeusi, na juu yake bata bukini watatu wa dhahabu waliruka juu ya matete. Mama mmoja wa zamani aliitoa kwa hekalu baada ya mwanawe kufa vitani. Kila majani yanapopukutika, kijiji kizima hupanda mlima kuitazama na kumwombea mtoto asiye wao. Mwaka huu wangeombea msumari mtupu.

Upanga hautoki Japani bila karatasi za serikali. Tsuba hutoka mfukoni, kama sarafu.

Godo, muuza vyuma vya kale gulioni, ndiye aliyekuwa mlango wa kutokea. Mara mbili Idara ya upelelezi ilimtumia majasusi waliosomea mambo ya kale, na mara mbili aliwatambua kwa jinsi walivyoshika chuma: ncha za vidole, pembeni, kitambaa kimetandikwa chini. Aliwakaribisha chai, akawauzia takataka, akawasindikiza kwa kuinama.

"Safari hii tunapeleka mjinga," Mkuu Miyoshi alikuwa amesema.

Mjinga akawa Hatano. Judo anaijua. Risasi anaijua. Lugha tatu anazo. Lakini kwa tsuba alikuwa kama mtoto mbele ya sufuria ya moto. Wakampa mfuko mwembamba wa pesa na jina la uongo la karani wa ghala, wakamwambia aanze kununua kama waanzao wanavyonunua: rahisi, vibaya, na kwa furaha.

Alifanya kila kitu alichoambiwa. Aibu ilitoka kwenye kile ambacho hakuambiwa.

Idara ilimpelekea mwalimu wa kumwonjesha kidogo, Bibi Kuze Fumiyo, mjane wa miaka themanini na moja ambaye mumewe alikusanya tsuba maisha yake yote. Bibi hakumfundisha neno. Alimwazima tsuba moja ya chuma, ya mumewe, yenye kaa wawili waliotobolewa pembeni. Akamwambia kaa nayo tu, baba, itazame ukinywa chai.

Hatano akakaa nayo. Akaiona nyeusi, ina vumbi la miaka. Akakumbuka alivyolelewa: bakuli la jirani halirudishwi chafu.

Akachukua siki na brashi ya waya.

Alisugua jioni mbili, akipiga mluzi. Weusi haukutaka kutoka. Ulishika chuma kama ngozi inavyoshika nyama, akawa anatumia nguvu za judo. Mwishoni kaa wawili waling'aa kama kijiko kipya, naye akaona fahari. Siku iliyofuata alisikia sokoni, katika maongezi ya watu wengine, kwamba ule weusi ndio mali yenyewe. Ni kutu ya zamani iliyokomaa, iliyolishwa na mikono ya watu kwa miaka mia tatu, na ikishatoka haiitwi ikarudi.

Tangu siku hiyo hakupokea simu za Bibi Kuze.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Yeye aliosha, yeye alijua, na tsuba ilikuwa katika mfuko wake wa kulia, imefungwa kwa leso. Aliihamisha kila alipobadili koti. Hakuweza kuiacha nyumbani, hakuweza kuitazama.

Na leo Bibi Kuze alikuwa ndani ya Hiace nyeupe nje ya ukuta wa hekalu, ameketi kando ya Mkuu Miyoshi, visikilizi masikioni. Aliitwa aitambue tsuba ya bata ikionekana. Kila kilichoonwa na kifungo, yeye alikiona.

Hatano akachuchumaa mbele ya turubai la buluu.

Godo alikuwa mzee mnene, mchangamfu, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Alikuwa anapuliza togwa ya mchele ya moto. Akamuuliza mwanafunzi leo kaja na shilingapi, Hatano akataja yeni zake. Muuza mabirika wa jirani akasema kwa pesa hiyo atapata picha ya tsuba, tena ya upande mmoja. Wakacheka wote watatu.

Kisha Godo akaweka bakuli chini. Meno yaliendelea kucheka. Macho yaliacha.

"Watu wawili walishakaa hapo ulipokaa wewe. Wote wa serikali."

"Mimi wa ghala, mzee."

"Huenda. Nimeuza chuma tangu sina ndevu, na najua jambo moja. Hakuna anayeanza asiyeharibu. Nionyeshe ulichoharibu."

Idara iliwaza mbali. Mfuko wa kushoto ulikuwa na tsuba ya bandia iliyokwanguliwa maabarani kwa kazi hii hii. Hatano akaitoa.

Godo hakunyoosha hata mkono.

"Hicho kimezaliwa kiwandani juzi. Kibovu hakiharibiki. Nionyeshe kile kinachokunyima usingizi."

"Ondoka," Miyoshi akasema sikioni. "Amekushtukia. Ondoka taratibu."

Akiondoka, bata watatu wanapanda ndege. Akibaki, mkono wake wa kulia lazima uingie mfukoni, na kifungo cha koti kiko palepale, kinatazama.

Mkono ukaingia.

Akafungua leso juu ya turubai. Kaa wawili walimeta juani kama samaki aliyeparwa magamba angali hai.

Godo aliitazama kwa muda. Kisha akacheka mpaka togwa ikamwagika. Akamwita muuza mabirika, akamwita na muuza vikombe, waje waone mtu aliyemwogesha babu yake kwa brashi ya waya. Mmoja akauliza kama alitumia na sabuni. Mwingine akasema aipeleke hotelini, watawekea mayai. Masikio ya Hatano yaliwaka hadi shingoni, na mafunzo ya Idara hayana somo la kuwasha masikio.

"Yako?" Godo akauliza, akijifuta machozi.

"Ya kuazimwa."

"Na nani?"

"Mjane. Ilikuwa ya mumewe."

Kicheko kilikatika. Godo akavuta pumzi kati ya meno, polepole, kama mtu aliyeona jeraha la mwenzake.

"Umeshamwambia?"

Hatano alijua Bibi Kuze anasikia.

"Bado," akasema. "Namkimbia."

Godo akampiga bega kwa huruma kabisa.

"Basi wewe si polisi. Polisi angeshaandika ripoti." Akamsukumia rundo la magazeti. "Kaa hapa upande wangu, ufunge mizigo. Wateja wangu wanakuja. Na ukiosha chochote, nitakukata vidole."

Hivyo ndivyo jasusi alivyoingia upande wa pili wa turubai. Aibu ilimfungulia mlango ambao ujanja ulishindwa.

Wateja walikuja mmoja mmoja, wageni wote. Mama wa koti la kijani. Jamaa mrefu wa kofia ya manyoya. Kijana mwenye ndevu nyekundu na Nikon shingoni. Godo alivuta sanduku kutoka chini ya kiti, limejaa tsuba zenye kutu zisizo na sura, akamchotea kila mmoja fungu lake kama anapima dagaa. Bei ya takataka. Kila mmoja akalipa bila kupatana.

"Bibi haoni dhahabu yoyote," Miyoshi akanong'ona. "Imefichwa. Nina gari moja, na wao ni watatu. Tukishika asiyehusika, wawili wanaruka. Ni nani?"

Hatano alikuwa anafunga. Fungu la mama, gazeti, uzi. Fungu la mrefu, gazeti, uzi. Fungu la ndevu nyekundu.

Mikono yake ikasimama.

Kidole gumba chake kilikuwa chekundu.

Akakitazama. Jioni mbili, siki na waya na nguvu zote za mabega, na kutu ya kweli ilikuwa haijataka hata kuchafua kitambaa. Hii ilitoka kwa kuguswa tu, laini kama poda ya mwanamke. Kutu ya kupakwa. Hakuna mtu mwingine sokoni pale aliyejua zaidi yake, kwa mikono yake mwenyewe, jinsi kutu ya zamani inavyokataa kuondoka.

Kijana akapokea fungu lake, akainama kidogo, akaenda.

"Kitendawili," Hatano akasema kwa sauti.

Godo akageuka. "Unasemaje?"

"Jogoo wa ndevu nyekundu kabeba yai lisilo lake, na rangi imebaki kidoleni."

"Nimekupata," Miyoshi akajibu sikioni. "Lango la kusini. Mbio."

Uso wa Godo ulikuwa bado unatafuta jibu wakati Hatano anaruka turubai.

Ndevu nyekundu akasikia viatu. Akakimbia.

Akapita katikati ya vyungu, vikalia. Akaangusha fimbo ya kimono, hariri zikaruka kama ndege. Bibi mmoja wa kachumbari akampiga na mwiko mgongoni kwa kumwaga figili zake. Hatano alikuwa hatua chache nyuma, tsuba ya kaa mkononi, aliyoinyakua turubaini alipokuwa akiruka.

Kwenye kona ya mnara kijana aligeuka ghafla.

Kisu. Kifupi, cha Kijerumani, kilichonolewa.

Kilikuja moja kwa moja kwenye mkono. Hatano aliinua alichokuwa nacho. Chuma kikalia kwenye chuma, kisu kikateleza ukingoni, na vidole vyake vitano vikabaki vitano. Tsuba ilifanya kazi iliyofuliwa kuifanya.

Kisha judo. Kijana akaona mbingu, halafu mchanga.

"Nimemlaza," Hatano akasema hewani. "Godo?"

"Yuko mikononi mwetu. Anaomba amalizie togwa yake."

Hiace ikasimama. Bibi Kuze akashuka taratibu, mkono mmoja kwenye mlango, koti jeusi, kitambaa cha pamba mkononi. Akafungua fungu la kijana, akatafuta, akachagua. Akakilowesha kitambaa, akapangusa kidogo sana, kama anavyofutwa mtoto pua. Wekundu ukaachia. Bata wa kwanza akatokea, wa dhahabu, shingo mbele. Bibi akafunika palepale na kumkabidhi Miyoshi, akasema wengine wafunguliwe kwao mlimani.

Kisha akageuka.

Hatano akainama. Akainama hadi mgongo ukalala kama meza, mikono miwili mbele, tsuba ya kaa juu yake. Ilikuwa na mkwaruzo mpya sasa, mrefu, wa kisu. Alitaka kusema mengi. Lililotoka lilikuwa moja.

"Nimekosa, bibi."

Bibi akaichukua. Akaigeuza. Hakucheka, wala hakumfariji.

"Nilijua ulipoacha kupokea simu," akasema. "Mume wangu alikuwa akiishika kila usiku, akisikiliza redio."

Hatano hakuinuka.

Bibi akaifunga kwenye kitambaa kile cha pamba, akamrudishia mkononi.

"Weka mfukoni. Isugue na pamba tu, kila siku, ukitembea. Utanirudishia ikiwa nyeusi."

"Itachukua miaka, bibi."

"Mimi nina themanini na moja. Fanya haraka."

Akapanda garini, mlango ukafungwa.

Hatano akajinyoosha, akafunga koti, akaanza kutembea kuelekea kituo cha treni, katikati ya watu waliokuwa wameshaanza kupatana bei tena. Sikioni sauti ya Mkuu Miyoshi ikaja, ina kicheko ndani.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nilikiosha, kikachafuka."

Hatano akang'oa kidude sikioni, akakitupa mfuko wa kushoto. Mkono wa kulia tayari ulikuwa na kazi yake mfukoni. Masikio yalikuwa bado mekundu.