Kidoti Kilichodondoka

Kila asubuhi Chapuchapu aliketi ukingoni mwa kitanda, akapaka mafuta kigutu cha mguu wake wa kulia, akavuta soksi ya pamba hadi juu ya goti, kisha akakisukuma kigutu ndani ya mguu wa bandia. Siku hizi alisukuma huku ameuma meno. Yeye alikuwa amekua, mguu haukukua naye. Ulikuwa umeanza kumchubua, na mafundi walishamwonya: akiendelea kuuvaa, atapata kidonda, na kidonda kitamlaza.

Chapuchapu halikuwa jina lake la shuleni. Alipewa na majirani kwa sababu hakuna alichokifanya polepole. Aliosha vyombo vikabaki na povu. Alifua soksi akazianika zinachuruzika. Ukimwita umwulize, anakujibu akiwa ameshafika mlangoni.

Siku moja hakwenda shule. Alichukua magongo, akafuatana na mama yake mdogo hadi karakana ya viungo bandia. Mama mdogo alikuwa fundi pale. Zamani walichukua umbo la kigutu kwa kukizungushia plasta mbichi na kungoja ikauke. Sasa plasta ilikuwa imekwisha stoo, na karakana ilikuwa imeazima skana, mashine inayokipiga kitu picha pande zote na kukijenga upya ndani ya kompyuta. Jioni dereva angekuja kuichukua aipeleke karakana nyingine, mbali sana. Asiyepimwa siku hiyo angesubiri izunguke irudi, na hakuna aliyejua itarudi lini.

"Shikamoo, Fundi Plasta," Chapuchapu alisalimu.

"Marahaba, mjukuu. Siku hizi niite Fundi tu. Plasta yenyewe iko wapi?" alijibu mzee mmoja, fundi wa vipimo vya plasta wa zamani, aliyekaa juu ya ndoo tupu, mikono kifuani. "Nimekuja kutazama hiyo pasi yenu."

Kweli skana ilifanana na pasi ya umeme. Mama mdogo alifunga mapazia, maana jua kali huivuruga mashine. Akaunganisha waya kwenye kompyuta, akaiacha ipate joto. Kisha akachukua kibao cheusi chenye nukta nyeupe, akakielekezea skana, akaisogeza karibu, akairudisha nyuma, mpaka taa zote zikawa kijani.

"Unaitekenya?" Fundi Plasta aliuliza.

"Naikumbusha vipimo, mzee wangu. Ikianza siku imesahau, itatupa mguu wa tembo."

Watu waliokuwa wakingoja kwenye benchi walicheka.

Chapuchapu alivalishwa soksi nyeupe ya kubana, akapewa karatasi ya vidoti vya kubandika, vidogo kama punje za mtama. Kwa vile alipenda mambo yaishe, alivibandika haraka, lakini kwa mistari iliyonyooka, juu hadi chini.

"Aa, mwanangu! Umevipanga kama vifungo vya shati," mama mdogo alisema, akivibandua. "Mashine inajua iko wapi kwa jinsi vidoti vilivyokaa. Vikikaa sawasawa, kila mahali panafanana, inapotea. Vitawanye ovyo."

"Mwaka mzima mwalimu ananigombeza nipange vitu, leo naambiwa nitawanye!"

"Tawanya. Halafu sikia hili vizuri: tukishaanza, kidoti kisiguswe. Kikidondoka, sema, tunaanza upya."

Mama mdogo aliinua skana, akaanza kuzunguka kigutu taratibu kama mtu anayepaka ukuta rangi. Kwenye kompyuta umbo la kijivu likaanza kuota, kipande kwa kipande. Chapuchapu alishika kingo za kiti. Paja lilikuwa linakufa ganzi. Alitazama benchi lililojaa watu, akatazama mwanga uliopenya pembeni mwa pazia. Mama mdogo alipogeuka kuangalia kompyuta, kidoti kimoja kikabanduka, kikaanguka juu ya mkeka.

Chapuchapu hakufikiri mara mbili. Aliinama, akakiokota, akakibandika pale alipodhani kilikuwa. Kidoti kimoja tu, alijiambia. Nani atajua?

Mama mdogo aliendelea hadi mwisho. Alipolizungusha umbo kwenye kompyuta, akasogeza uso karibu. Ubavuni palikuwa na ngazi, kama shati lililofungwa vifungo vibaya, upande mmoja juu, mwingine chini.

Alikagua mapazia. Akakagua waya. Akakileta tena kibao cheusi, taa zikawaka kijani kama kawaida. Akasimama ameshika kiuno.

"Plasta haijawahi kutoa umbo lenye ngazi," Fundi Plasta alinong'ona, lakini kila mtu alisikia.

"Basi imeharibika," mama mdogo alisema. Sauti yake ilikuwa nzito. "Siwezi kupima watu kwa mashine inayopinda. Mguu ukitengenezwa kwa umbo hili, utamla mtu nyama. Ndugu zangu, mtanisamehe, itabidi mrudi nyumbani."

Benchi likaguna. Mama mmoja aliyempakata mwanawe alianza kukusanya kanga yake. Chapuchapu aliwatazama. Akinyamaza, mashine itabeba lawama na watu wote hawa wataondoka kwa magongo waliyokuja nayo. Yeye pia.

"Mama mdogo," aliita. "Mashine ni nzima."

"Unajuaje?"

"Kidoti kilidondoka. Nikakirudisha mwenyewe. Nilitaka tumalize."

Mama mdogo alimtazama mpaka Chapuchapu akainamisha kichwa.

"Ulinisikia nilipokuambia?"

"Nilikusikia."

"Ukaona nikihangaika na waya, ukanitazama tu!"

"Nisamehe. Pima hawa wengine kwanza. Mimi nitakuwa wa mwisho."

"Na dereva akifika kabla yako?"

Machozi yalimtoka Chapuchapu. "Basi nitasubiri irudi."

Mama mdogo alimfuta machozi kwa ncha ya kidole gumba, akamkabidhi karatasi ya vidoti. "Usikae bure. Wabandikie wenzako. Ovyo, lakini kwa makini."

Wakaanza. Chapuchapu alibandika kidoti kimoja kimoja, akikikandamiza mpaka kishike, akiwaambia watu: "Kikitoka, sema. Usione haya." Mzee mmoja alisema mara mbili, na mara mbili wakarudia, hakuna aliyeguna. Maumbo yalitoka laini, moja baada ya jingine.

Zamu yake ilipofika, honi ililia nje.

"Nimekuja kuchukua mzigo!" dereva aliita mlangoni.

Fundi Plasta aliinuka kwenye ndoo. "Karibu, kijana! Njoo kwanza unisaidie kuonja chai, nadhani nimeikosea sukari." Akamshika mkono, akampeleka jikoni kabla hajajibu.

Mama mdogo alizunguka kigutu polepole. Nusu ya umbo ilikuwa imeshaota Chapuchapu alipohisi kitu kikiteleza gotini. Alikiona kidoti kikianguka. Alisikia vikombe vikigongana jikoni na dereva akisema lazima aondoke.

"Mama mdogo, kimedondoka!"

"Tunaanza upya," mama mdogo alisema, kana kwamba wana mchana kutwa.

Safari hii Chapuchapu alijikaza mpaka vidole vikauma kwa kushika kiti. Hakutazama mlango. Alitazama umbo la kijivu, likipanda, likizunguka, likijifunga. Mama mdogo aliligeuza mbele, nyuma, ubavuni. Halikuwa na ngazi.

"Haya, dereva!" aliita. "Chukua mzigo wako."

Siku mguu mpya ulipokuwa tayari, Chapuchapu alisimama kati ya vyuma viwili vya kufanyia mazoezi. Alikisukuma kigutu ndani. Hakuuma meno. Alipiga hatua, akangoja, akapiga nyingine. Fundi Plasta aliukagua mguu, akaugonga kwa kifundo cha kidole.

"Pasi yenu si mbaya," alikubali.

Mama mdogo alichutama mbele ya Chapuchapu, wakatazamana uso kwa uso.

"Mashine inaamini kila unachoionyesha, mwanangu. Haiwezi kukuuliza kama ni kweli. Kwa hiyo ukweli lazima utoke kwetu sisi tunaoishika. Ulipokosea mara ya kwanza, uliharibu umbo lako. Ulipoficha, ulikaribia kuwanyima miguu watu wote waliokuwa kwenye benchi. Kosa la mtu mmoja likisemwa mapema, hurekebishwa siku hiyo hiyo. Likifichwa, watu wengine hutembea na maumivu yake."

"Nimeelewa, mama mdogo."

"Sasa tembea mpaka mlangoni. Na usikimbie!"

Chapuchapu alitembea mpaka mlangoni. Hakukimbia.