Mkono wa Nasma

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeivika mifupa nyama, na nyama akaivika ngozi, kisha akamfundisha mwanadamu kushona kilichochanika. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, aali zake na sahaba zake.

Amma baada ya hayo: Nasma alikuwa binti wa Mzee Hilali, mwenye duka la vitambaa sokoni Kasulu. Utotoni mawese yaliyochemka yalimwagikia mkono wake wa kulia, yakaacha kovu lililovikunja vidole viwili daima. Mtandio ulilificha kovu. Vidole viwili tu vilichungulia, vikishika futi. Shamsi alikuwa kijana wa Kibondo, akisomea utengenezaji wa ngozi ya kutibu majeraha katika chuo kikuu kimoja cha kusini. Walikutana mwaka 2013, siku ya gulio, wachuuzi wa Manyovu wakigombea vitenge kwa kelele. Shamsi akapenya katikati yao, shati lake jeupe limepigwa pasi, viatu vimefunikwa na vumbi jekundu.

"Nataka kitambaa cha shela, dada, chenye matundu madogo kuliko vyote."

"Bibi harusi ni mrefu au mfupi?"

"Hana urefu. Anakaa ndani ya kisahani."

"Baba, njoo! Kuna kaka hapa anaoa sisimizi!"

Shamsi alicheka, kisha akaeleza. Hutoa katika kano za ng'ombe kolajeni, yaani nyuzi zinazoushikilia mwili, na kuzichanganya na chembe hai za ngozi ya mtu. Mchanganyiko huganda, lakini hubaki laini kama mtindi. Ukiupitisha sindano, umepasuka. Basi huulaza kati ya vipande viwili vya shela na kuukandamiza, maji yatoke, nyuzi zishikamane, upate nguvu ya kushonwa juu ya jeraha la moto.

"Ng'ombe huyo kachinjwa kwa bismillahi?" Mzee Hilali aliuliza kutoka nyuma ya majora.

"Wallahi, mzee, sikumuuliza."

Nasma akampimia mita mbili. "Uifue kwanza, itoke dondo, ule wanga wa kiwandani."

Mwezi mmoja baadaye simu ya duka ililia; alikuwa Shamsi.

"Nasma, imenata. Nimeibandua shela, kazi yangu yote imechanika nayo."

"Uliifua?"

"Nilisahau."

"Msomi mzima! Ifue kwa maji ya moto, laazizi." Neno hilo la mwisho lilimponyoka, wala hakulirudisha.

Tangu hapo walizungumza kila alasiri. Siku moja Shamsi alimwambia amekandamiza kwa pupa, chembe zote zikafa. "Uzito ukizidi, nyuzi hupata nguvu, lakini uhai hutoka." Siku nyingine alicheka kwa furaha: utando umekuwa mwembamba kama ganda la kitunguu, umepokea uzi bila kupasuka, na chembe zingali hai.

Shamsi aliporejea mwaka uliofuata, Nasma aliuondoa mtandio mkononi mbele yake, baba yake akiwa kaketi kando. Hakuna mwanamume wa nje aliyewahi kuliona kovu lile. Shamsi akaomba kulipiga picha, apate kujifunza linavyovuta vidole.

"Ni ya macho yako tu," alisema Nasma.

"Ya macho yangu tu."

Posa ikaletwa na Siti, shangazi wa Shamsi, nayo ikapokewa.

Haukupita mwezi, Pelagia, muuguzi wa Kibondo, akaingia dukani kununua khanga, akasalimu kwa Kiha. "Mwakeye, dada. Pole. Mchumba wako alipotufundisha habari za majeraha ya moto, tuliiona picha ya mkono wako ukutani, kubwa kama mlango. Vidole hivyo nani asiyevijua?"

Mkasi wa Nasma ukasimama katikati ya kitenge. Akaichukua simu.

"Umewaonyesha watu mkono wangu?"

"Sikutaja jina, mpenzi. Sura haikuwemo."

"Uliniahidi. Ulimpenda Nasma, Shamsi, au ulipenda kovu la kufundishia?"

"Nasma, nisikilize..."

"Mwambie shangazi yako aje aichukue barua yake ya posa."

Miezi mitatu ilipita. Nasma alikosea vipimo, akawa halali wala hali vizuri. Kila simu ilipolia moyo ulimruka, na kila ilipokuwa ya Shamsi aliikata. Bi Siti alikuja kumwombea msamaha.

"Mwanangu, anajuta."

"Shangazi, kosa alilifanya mbele ya watu arobaini. Msamaha anaomba uani?"

Bi Siti alirudi Kibondo na maneno hayo. Wiki iliyofuata Pelagia akapiga simu.

"Ametukusanya walewale, dada! Kasema, 'Nilikabidhiwa amana, nikaihini.' Kaifuta picha mbele yetu. Kisha muuguzi mwenzetu Bazilio akamuuliza ngozi anayoitengeneza itatufaa lini. Akajibu haijawekwa bado kwa mtu yeyote, na huenda yeye asiishi kuiona."

Nasma alikaa juu ya jora. Mtu asiyejipamba hata kwa kazi anayoipenda, alijiambia, huenda akasema kweli katika penzi pia. Akampigia yeye mwenyewe.

"Njoo. Uje na shangazi."

Wakaketi sebuleni kwa Mzee Hilali, Shamsi macho chini.

"Nimekusamehe," alisema Nasma, "lakini nina sharti."

"Sharti si mahari," baba yake alimkatiza. "Taja mahari kwanza."

"Cherehani."

"Haya. Na sharti?"

"Akitaka wauguzi wauone mkono huu, aniite. Nitauonyesha mwenyewe, niseme mwenyewe ulivyoungua."

"Na siku utakayokataa?" aliuliza Shamsi.

"Utafundisha bila mkono wangu."

"Nimekubali, mbele ya Mungu na mbele yenu."

Waliozwa Shaaban, mwaka 2015. Baada ya mfungo Nasma alisimama mbele ya wauguzi wa Kibondo, kavaa gauni la samawati, mumewe kaketi safu ya nyuma. Akaukunja mtandio hadi kwenye kiwiko, akauinua mkono. "Naitwa Nasma binti Hilali," alisema. "Nilikuwa na miaka sita."

Ewe Mola, walioungua wape wepesi, wanaotafuta dawa wape subira na uaminifu, na sisi tuliobaki utujaalie kuzitunza amana za wenzetu hadi siku ya kukutana nawe. Amin.