Mstari wa Kisima cha Sokoni

Kila Jumamosi, akishafua sare zake na kuzianika, msichana mmoja waliyemwita Chapuchapu alikwenda ofisini kwa shangazi yake. Jina hilo alipewa nyumbani, nalo lilimkaa sawasawa. Alikula haraka, alifagia haraka, na viatu alivivaa huku anatembea. Alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini ukimsikiliza ungedhani ana arobaini.

Shangazi alikuwa afisa wa afya. Kazi yake ilikuwa kuchunguza maji ya visima vitatu: cha sokoni, cha shule na cha bondeni. Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo chenye meza moja, kabati la chupa za maji na kompyuta kuukuu iliyounguruma mfululizo. Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na programu ya takwimu, ile ya kuandikiwa maagizo. Kwa kuwa Chapuchapu alipenda hesabu, Shangazi alimfundisha kuitumia.

"Matriksi ni namba zilizopangwa kwa mistari na safu, kama madawati darasani," alimwambia. "Sasa sikiliza. Daftari letu tunalisoma kwa mstari, kila kisima na mstari wake. Lakini programu hii ukiipa namba, inajaza kutoka juu kwenda chini. Ikimaliza safu moja ndipo inahamia ya pili. Kwa hiyo lazima uiagize ijaze kwa mstari. Usipoiagiza, namba za kisima hiki zitakwenda kukaa kwenye kisima kingine. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Shangazi. We niachie tu."

Kulikuwa na sheria nyingine. Ukimaliza kuandika, unaweka kidole kwenye daftari, unalinganisha na skrini mstari kwa mstari, kisha unatia saini chini ya ukurasa.

Jumamosi moja daftari lilikuja kutoka maabara, likiwa na idadi ya vijidudu vilivyoonekana kwenye maji kwa wiki tatu. Shangazi aliitwa hospitali kabla hajalifungua, akamwachia Chapuchapu kazi. Mstari wa sokoni ulikuwa na ishirini, thelathini na nne, na sitini na moja. Wa shule ulikuwa na moja, sifuri na mbili. Wa bondeni ulikuwa na mbili, moja na tatu.

Chapuchapu aliandika namba zote tisa kwa mkupuo, bila kuiagiza programu ijaze kwa mstari. Kwenye skrini, mstari wa sokoni ukaonyesha ishirini, moja na mbili. Alitazama daftari, akatazama skrini tena. Aliona kabisa kwamba havilingani. Lakini wenzake walikuwa dirishani wanamwita wakacheze mpira, na kazi ilionekana imekwisha. Programu ikatoa wastani wa kila kisima, na mkubwa kuliko wote ukawa wa bondeni. Akatia saini.

"Umelinganisha mstari kwa mstari?" Shangazi aliuliza jioni.

"Ndiyo, Shangazi."

Jumatatu kisima cha bondeni kilifungwa kwa mnyororo na kufuli. Watu wa huko wakaanza kupanda na ndoo mpaka sokoni. Mmoja wao alikuwa mshona nguo aliyeshona sare za Chapuchapu. Watu walimwita Mama Mzee, kwa sababu mwanawe wa miaka miwili alitembea ameweka mikono nyuma na kukunja uso kama babu mwenye mambo mengi, hata akaitwa Mzee. Chapuchapu alimpenda sana mtoto huyo. Kila akienda kupimwa nguo, alimbeba.

Wiki ya pili watu wakaanza kuhara. Jumanne Shangazi alirudi nyumbani amechoka, akakaa bila kuvua viatu.

"Kisima kibovu tumekifunga," alisema. "Mbona wagonjwa wanazidi, tena wa bondeni wenyewe?"

Chapuchapu alijua. Alitaka kusema, lakini aliona aibu na hofu, akajiambia labda kesho, labda watapona. Jumatano alisikia Mzee amelazwa. Alhamisi alinyamaza pia. Ijumaa asubuhi, Mzee alifariki.

Chapuchapu alikimbia mpaka ofisini, akasimama mlangoni analia kwa kwikwi. "Shangazi, nilikudanganya. Sikuiagiza ijaze kwa mstari. Niliona havilingani, nikatia saini."

Shangazi alifungua daftari. Alipitisha kidole kwenye mstari wa sokoni. Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliinua simu, na kabla ya adhuhuri kisima cha sokoni kilikuwa kimefungwa na cha bondeni kimefunguliwa. Watu wakaambiwa wachemshe maji. Baada ya siku kumi wagonjwa wote waliobaki walikuwa wamerudi makwao.

Shangazi alimwandikia mkuu wake barua, akajitaja mwenyewe kwanza, kwa kumwachia mtoto kazi na kutoikagua. Alisimamishwa kazi ya visima. Kisha yeye na Chapuchapu wakaenda kwa Mama Mzee.

Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa. Chapuchapu alieleza kila kitu, hakuacha neno.

"Uliona lini kuwa umekosea?" Mama Mzee aliuliza.

"Siku ileile."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikuwa najilaumu," alisema Mama Mzee. "Nilidhani ni kwa sababu sikufunika ndoo. Kila nikilala najiuliza, nilimpa nini mwanangu?" Alijifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Kukusamehe leo siwezi, nisikudanganye. Lakini umenitoa kwenye swali lile. Nenda nyumbani."

Njiani Chapuchapu alishindwa kujizuia. "Shangazi, ningesema Jumanne, Mzee angepona?"

Shangazi alisimama. "Sijui, mwanangu. Hakuna anayejua, na itabidi tuishi hivyo, wewe na mimi." Alimshika mkono. "Kukosea kuandika si dhambi, hata mimi hukosea. Ndiyo maana tunalinganisha. Lakini ukishaliona kosa, liseme palepale, likiwa bado ni namba kwenye karatasi. Siku ile tungelifuta kwa dakika moja. Uliponyamaza, lilitoka kwenye karatasi likaingia nyumbani kwa watu, na huko hakuna wa kulifuta."