Wizi wa Mtumishi

Saa tatu asubuhi. Kizwite, chumba cha nyuma, kilabuni kwa Bertha.

Mpango ulikuwa mwepesi. Kampuni ya bodaboda za kuita kwa simu, Fika Chap, inapeleka begi la pesa za kampeni kwa mgombea huko Msanzi. Mgombea akipita, kazi yake ni kusema kwamba madereva si waajiriwa, ni "washirika". Washirika! Ukivunjika mguu, wa kwako. Wao wana pole tu. Na begi wamempa nani alipeleke? Mshirika Flavian.

"Mnanisubiri Kaengesa," Flavian alisema. "Kibao kimoja, mnapora. Mimi nakimbilia kwa bosi kulia."

"Kibao niachie mimi," alisema Ngeleja, mwenzake wa mpango.

Bertha akamwekea Flavian nyama yenye mafuta. Ngeleja akapewa mchuzi. Akautazama mchuzi ule mpaka ukapoa. Yeye akabaki anachemka.

Saa tano. Kaengesa, ndani ya mahindi.

Upepo mkali. Boda ikatokea. Ngeleja akaruka, soksi usoni. Kibao kimoja kikazaa cha pili. Cha tatu kikawa ngumi.

"We Msukuma! Unanipiga kweli?"

"Tulia, mshirika."

Saa saba. Kilabuni.

Begi liko mezani, hakuna anayelitazama. Bertha anamfuta Flavian mdomo kwa pindo la kitenge, anampuliza kama anapoza uji wa mtoto.

"Pole, baba. Ngeleja, mtu unampiga kama fahali?"

Ngeleja akalibeba begi, eti akalifiche. Akalifunga kwenye boda ya Flavian, vizuri kabisa, kwa mpira. Kisha akaenda chooni na simu.

Saa tisa. Kituo cha polisi.

Flavian kapigwa pingu. Nje, boda zimejaa.

"Kosa gani, afande?" dereva mmoja akauliza dirishani.

"Wizi wa mtumishi."

"Mtumishi wa nani?"

"Wa Fika Chap. Bosi wake mwenyewe kaandikisha."

Honi, vifijo.

"Kumbe tumeajiriwa!"

Bertha, hotpoti mkononi, akapiga kigelegele. "Mume wangu mtumishi, jamani!"

Mume! Ngeleja akasukuma watu mpaka kaunta, akanyoosha mikono yote miwili.

"Shikamoo afande. Na mimi niandike. Mimi ndiye niliyempora. Mtumishi kamili!"

Afande akainua kichwa, akacheka.

"Aa, sauti hii naijua! Si wewe uliyetupigia simu kutoka chooni?"

Honi zikakatika. Bertha akaweka hotpoti chini, taratibu, akaanza kuvua kandambili.