Ukurasa wa Bi Mwamini

Siku ya mnada wa korosho Nachingwea haipitiki. Watu walijaa mpaka barazani kwa Hajra, kwenye steshenari yake, wengine wamekuja kutoa kopi, wengine wamekimbia jua tu. Katikati yao akasimama mwanamume mrefu, Harithi, shati jeupe limegeuka jekundu kwa vumbi la njia ya Mandawa, ameshika flashi kama mtu aliyeshika yai.

"Dada, hili faili kila duka wanalikataa. Nimetoka nalo Ruangwa."

Hajra alikuwa amevaa dera la zambarau, mtandio umeteleza mabegani. Akaichomeka flashi, akatazama. "Hili ni XML, faili la alama, kaka yangu. Limekosa wa kulijua tu."

"Wewe unalijua?"

"Kaa hapo. Ila usiniegemee."

Watu wakacheka. Harithi akakaa.

Alikuwa amewarekodi wazee wa kwao wakisimulia habari za ufuta, njaa na ndoa, na programu ya kwenye simu ndiyo iliyomtolea faili la namna hiyo. Alitaka ziwe kitabu. Hajra akamfundisha kama anavyofundishwa mtu anayeanza. Kila kipande kimefungwa kwa alama mbili, ya kufungulia na ya kufungia: hiki jina, hiki mzee, hiki kisa. Faili lenyewe halijui herufi ziwe kubwa au ndogo. Hiyo ni kazi ya programu ya kupanga kurasa, nayo haifanyi kitu mpaka iagizwe.

"Mstari wangu wa kwanza unaiambia: ficha vyote. Halafu naitajia kimoja kimoja cha kuonyesha. Ukibuni alama mpya bila kuniambia, kilichomo ndani hakitoki. Na haitapiga kelele, itanyamaza tu."

"Kama wewe ukinuna."

"Mimi nikinuna utanisikia mpaka Kilimarondo."

Basi marekebisho hayakwisha. Leo nukta, kesho jina la kijiji, na kila rekebisho lilitaka Harithi aje mwenyewe. Asipokuja, anapiga.

"Umekula, mpenzi?" Hajra anamuuliza.

"Nimekula sauti yako."

"Basi utalala na njaa."

Bi Mwamini, mama yake Harithi, hakumtaka Hajra. Alimwambia wazi, Hajra akiwa amekaa mkekani mbele yake, kwamba mwanamke aliyeachika mara mbili ana lake jambo. Hajra akavuta mtandio, akaaga kwa adabu, hakwenda tena Mandawa. Na kabla kitabu hakijachapwa, Bi Mwamini akafariki.

Harithi akatuma faili la mwisho. Hajra akapanga kurasa, akamrudishia kwa WhatsApp. "Zipitie kwanza, baba."

"Chapa tu, Hajra. Macho hayaoni."

Vitabu viligawiwa siku ya arobaini, baada ya dua. Zuena, mama mdogo wa Harithi, akakipekua chake akimtafuta dada yake. Akarudia mwanzo. Wazee wote wamo, dada yake hayumo.

Simu ikalia dukani.

"Hajra, mama yangu umemweka wapi?"

"Mama yupi?"

Aliuliza kwa mshangao, kwa kuwa hakujua hata kama Bi Mwamini alirekodiwa. Lakini kwa mtu mwenye msiba swali lile lilichoma. Nyuma ya Harithi, Zuena alikuwa akipayuka mbele ya waombolezaji: "Kamfuta! Hata maiti ana kinyongo nayo, malaya huyo!" Simu ikakatwa.

Hajra akafungua faili. Hakutafuta sana. Wengine wote walifungwa kwa alama ya mzee. Bi Mwamini peke yake, aliyeongezwa kwenye faili la mwisho, mwanawe alimbunia alama yake: marehemu. Hakuweza kumpanga pamoja na walio hai. Programu haikuijua alama hiyo, ikanyamaza kama ilivyoagizwa.

Akayasoma maneno ya yule mama. Yalihusu kusimamisha matita ya ufuta yakauke, basi. Akashika simu ampigie Harithi, akairudisha mezani. Utamwambiaje mtu kwamba mkono wake mwenyewe ndio uliomtoa mama yake kitabuni?

Akaongeza mstari uliokosekana, akachapa upya vyote, asubuhi akapanda bodaboda mpaka Mandawa. Hakuna aliyempa pa kukaa.

"Kosa ni langu," alisema. "Naombeni radhi."

Zuena akapokea vitabu, akampa kisogo. Harithi alitazama chini. "Nenda, Hajra."

Akaenda.

Ufuta ulipoanza kukatwa, Harithi akataka kuongeza wazee wa kijiji cha Mtua. Akafungua faili lile, akaiona alama aliyoibuni mwenyewe. Jioni akapiga simu.

"Ni mimi niliyebuni marehemu."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile."

"Ukabeba wewe! Kwa nini, Hajra?"

"Ulikuwa unalia. Ningekuongezea nini?"

Mashine ya kopi ilikuwa ikivuma nyuma yake. Harithi akasema, "Nakuja kukuposa."

"Mwanamume hajiposei. Njoo na mama mdogo wako. Alinitukana mbele ya watu, anitake radhi mbele ya watu."

"Nimeshamweleza ukweli wote."

"Anasemaje?"

"Anasema bora afe."

"Basi na wewe usije."

"Hajra, mpenzi, nisikilize..."

Hakumkatia. Aliiweka simu juu ya kaunta, ikiwa wazi, akamgeukia mama mmoja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho. Sauti ikaendelea kumwita pale kwenye mbao, nyembamba, mpaka salio likamwishia mwenyewe.